Niliyojifunza kwa Masista Wasioweka Akiba

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa nikisoma hesabu za mashirika: maandiko ya miradi, bajeti za miaka mitatu, ripoti za robo mwaka, na lile swali la mwisho ambalo kila mfadhili huuliza, kwamba mradi utajiendeshaje fedha zake zikikoma. Kwa macho hayo hayo ndipo nilipoanza kuwatazama Wamisionari wa Upendo, ambao watu wengi hapa Dar es Salaam huwaita tu Masista wa Mama Teresa, nilipokuwa nikienda kujitolea siku za Jumamosi katika mojawapo ya nyumba zao. Hawakuwa na mfadhili mkuu, hawakuwa na mkataba na serikali, hawakuwatoza chochote wazee na watoto waliowatunza, na stoo yao ilikuwa tupu mara nyingi kuliko ilivyojaa. Kwa vigezo nilivyofundishwa, shirika la namna hiyo lingekufa kabla mwanzilishi wake hajazeeka. Lakini hilo lilianza na watu 12 mjini Kolkata mwaka 1950, na Mama Teresa alipofariki tarehe 5 Septemba 1997 lilikuwa na masista wapatao 4,000 katika nyumba 610 ndani ya nchi 123. Mtu wa hesabu hawezi kuziona takwimu hizo akapita.

Jambo la kwanza nililolazimika kulifuta kichwani ni dhana kwamba ukuaji huo ulitokea kwa kasi. Mama Teresa, aliyezaliwa Skopje mwaka 1910, alikuwa mtawa wa Loreto, shirika la masista walimu, na mwalimu wa wasichana mjini Kolkata kwa muda mrefu kabla ya safari ile ya treni kwenda Darjeeling, tarehe 10 Septemba 1946, ambamo aliamini kuwa ameitwa kuishi miongoni mwa maskini. Tangu siku hiyo hadi alipotoka nje ya lango la konventi akiwa amevaa sari nyeupe yenye mistari ya buluu, mwezi Agosti 1948, ilipita karibu miaka miwili. Askofu Mkuu Ferdinand Périer hakuwa na haraka: alimwambia asubiri, akauliza maswali, akataka barua, na ruhusa yenyewe ilibidi itoke Roma. Nimekaa katika vikao vingi ambavyo wazo lilizaliwa Jumatatu na kufikia Ijumaa limekwisha kuandikiwa bajeti, na naweza kusema kwamba mengi ya mawazo hayo yangefaidika na askofu mmoja mgumu.

Hakuingia mitaani mikono mitupu pia. Alikwenda kwanza Patna, kwa masista waliokuwa wakiendesha hospitali, akajifunza kufunga vidonda, kuchoma sindano na kuwahudumia wajawazito. Huko ndiko alikopewa ushauri ambao naamini uliliokoa shirika kabla halijazaliwa. Alikuwa amekusudia kwamba yeye na watakaomfuata wale chakula kile kile cha maskini, wali na chumvi, na masista wa Patna wakamweleza wazi kuwa wasichana watakaoishi hivyo huku wakifanya kazi ngumu mchana kutwa wataanguka mmoja baada ya mwingine kwa kifua kikuu na magonjwa mengine. Alikubali. Nyumbani kwa masista hapa mjini nililiona tunda la ushauri huo. Saa ya chakula ikifika kazi husimama, sahani hujazwa, hakuna anayesifiwa kwa kuruka mlo, baada ya hapo kuna mapumziko mafupi, na mara moja kwa wiki kuna siku ambayo hawatoki kwenda mitaani bali hubaki nyumbani kusali, kusoma na kushona viraka. Sisi tunaojitolea ndio tuliokuwa na tabia ya kutaka kujionyesha kwa kushinda njaa, na sista mkuu wa nyumba hakuwa na subira na jambo hilo hata kidogo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha. Mwaka 1949 familia ya Gomes ilimpa chumba cha ghorofani katika nyumba nambari 14 ya Creek Lane, na tarehe 19 Machi mwaka huo akaja msichana wa kwanza, Subhasini Das, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye baadaye alichukua jina la Sista Agnes. Waliofuata nao walikuwa wengi wao wanafunzi wake wa zamani. Walimfuata mwalimu waliyemfahamu darasani, na alichokuwa nacho cha kuwaonyesha ni shule ya watoto wa Motijhil, mtaa wa mabanda wa Kolkata, ambako alikuwa akichora herufi ardhini kwa kijiti. Tarehe 7 Oktoba 1950 shirika likatambuliwa rasmi, lakini kama shirika la haki ya kijimbo, maana yake chini ya Askofu Mkuu wa Kolkata na ndani ya mipaka ya jimbo lake. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule lilipaswa kukaa hapo hapo kwa takribani miaka 10.

Hiyo miaka 10 ndiyo sehemu ya historia hii inayonivutia zaidi, ingawa watu wengi huiruka ili wafike kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Kwa kuwa hawakuweza kuenea, ilibidi wachimbe pale walipo. Mwaka 1952 waliifungua Nirmal Hriday, nyumba ya watu wanaokaribia kufa, katika jengo lililopakana na hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, huko Kalighat. Mwaka 1953 wakahamia nyumba ambayo hadi leo ndiyo makao makuu, mwaka 1955 wakaanza nyumba ya watoto, kisha wakaanza kuwafuata wenye ukoma kwa zahanati za kwenye gari. Nyumba za nje ya Kolkata, yaani Ranchi, Delhi na Jhansi, zilikuja tu miaka hiyo 10 ilipokaribia kwisha. Kufikia wakati huo kila sista aliyetumwa mbali alikuwa amekwisha kuifanya kazi ile kwa mikono yake, wala hakuhitaji kitabu cha mwongozo. Kama wangepewa ruhusa ya kwenda kokote mwaka 1951, nadhani tungekuwa tunazungumzia nyumba 5 zilizofungwa.

Tarehe 1 Februari 1965 Papa Paulo VI alilipa shirika haki ya kipapa, yaani likawa chini ya Roma moja kwa moja badala ya askofu wa jimbo, na mwaka huo huo masista wakafika Cocorote, Venezuela. Mwaka 1968 wakafungua Roma, na mwaka huo huo Tabora. Kila ninapowaambia Watanzania wenzangu kwamba nyumba ya kwanza ya Mama Teresa barani Afrika ilifunguliwa Tabora, wengi hushangaa, kana kwamba habari kama hizo huanzia Nairobi au Johannesburg. Tabora lakini haukuwa mji mgeni kwa mambo haya: ulikuwa njia panda ya misafara na baadaye ya reli, na wamisionari Wakatoliki walikuwa wamefika huko tangu karne ya 19. Hata hivyo, wakati wenyewe ulikuwa na kichekesho chake. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, redio na mikutano ya hadhara vikihubiri kujitegemea usiku na mchana, na ndipo wanashuka wanawake wa Kihindi waliovaa sari, wanaokula kwa kile watu watakachowaletea. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja wa Tabora kama jambo hilo halikuwatatiza. Akanijibu kwamba watu walitatizika na mavazi yao tu. Ama habari ya kuishi kwa kuletewa, kijijini kila mzee asiye na watoto aliishi hivyo.

Nieleze sasa jinsi nyumba inavyofanya kazi kwa ndani, kwa maana hapo ndipo jibu la swali langu lilipokuwa. Nyumba moja huwa na masista wachache, wanne, watano au sita, mmoja wao akiwa mkuu. Huamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, husali, hushiriki Misa, hunywa chai, kisha kazi huanza: kuogesha, kulisha, kufua, kufunga vidonda, na wawili wawili kwenda kuwatembelea wagonjwa mitaani. Kila sista ana sari tatu, moja mwilini, moja ya kufuliwa na moja ya siku kuu, pamoja na ndoo yake. Jioni kuna saa moja ya kuabudu Ekaristi, ambayo wao huitetea kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Mtu akifika Tabora, Kolkata au New York atakuta ratiba ile ile, kwa sababu hakuna kilichomo kinachohitaji umeme wa uhakika, mtaalamu wa kuagizwa au mkopo wa benki. Nyumba mpya inaweza kuanza kwa masista wanne, masufuria, mablanketi na padre wa jirani wa kuwasomea Misa.

Siku moja ya Kwaresima lilikuja gari la mfanyabiashara wa Kariakoo limebeba magunia ya mchele na maharage, mengi kuliko tulivyotarajia. Tulishusha hadi migongo ikauma, tukayapanga stoo vizuri, na mimi nikatoa daftari ili nipige hesabu ya kiasi cha kutumia kwa wiki. Kabla sijamaliza, sista mkuu, Mkenya mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa mazoezi, akaja na kuanza kuyagawa kwa kidole: haya yanabaki, haya yanakwenda kwa familia za bondeni leo hii, yale pale yanakwenda kwenye kituo kingine cha watoto ambacho si cha masista.

"Sista, tungeweka walau ya mwezi ujao," nilimwambia. "Bei inapanda."

"Mwezi ujao tutaomba tena, kaka," alijibu. "Na panya wa stoo hii hawafungi Kwaresima."

Kufikia alasiri nusu ya magunia ilikuwa imeondoka. Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, kwa sababu nilichokifahamu kama uangalizi mzuri wa mali kilikuwa kimefanyiwa mzaha mbele ya vijana. Ilinichukua muda kuona kwamba kile nilichokidhani ni uzembe kilikuwa kanuni yenye hesabu zake. Mfanyabiashara yule alikuwa ameleta kingi kwa kuwa alijua hakitalala pale. Watu hutoa mahali wanapoona njia ya kutoka, na stoo iliyojaa huwaambia wapeleke kwingine. Panya nao, nakiri, walikuwa wa kweli.

Masista hawa huweka nadhiri tatu kama watawa wengine, za ufukara, usafi wa moyo na utii, kisha huongeza ya nne: kuwatumikia kwa moyo wote na bila malipo maskini walio maskini kuliko wote. Nilipoisikia mara ya kwanza niliichukulia kama maneno mazuri ya ibada. Siku hizi naiona kama kifungu kikali kuliko vyote katika katiba yao. Yapo mashirika mengi ya kitawa, barani Ulaya na hapa kwetu, yaliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa maskini, ambayo baada ya vizazi viwili yanaendesha shule nzuri ambazo mtoto wa maskini hawezi kulipa ada yake. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Jengo linahitaji ukarabati, walimu wanahitaji mishahara, ada inapanda kidogo kila mwaka, na anayeweza kulipa ndiye anayeingia. Maneno mawili, "bila malipo", yaliufunga mlango huo kabla haujafunguliwa. Shirika lisiloweza kutoza chochote haliwezi kuhama polepole kwenda kwa wenye uwezo, hata likitaka.

Kwa sababu hiyo hiyo walikataa pia misaada ya kudumu. Husimuliwa kwamba Kardinali Terence Cooke, alipowapokea New York mwaka 1971, alitaka kumpa kila sista posho ya mwezi, na Mama Teresa akakataa, akitania kwamba haielekei Mungu atafilisika New York. Wafanyakazi wenzangu ofisini huipenda hadithi hiyo kama kichekesho. Mimi naisoma kama mtu aliyewahi kuona miradi ikibadili walengwa wake ili ilingane na fomu ya mfadhili. Anayekulipa kila mwezi atataka ripoti kila mwezi, na ripoti ina safu zake, na safu hizo zina namna ya kuamua ni mgonjwa yupi wa kupokewa. Kukataa huko kuna gharama, bila shaka: kuna miezi ambayo uji ulikuwa mwepesi, na kuna mablanketi tuliyofua kwa kuyakanyaga kwa miguu ndani ya karo la saruji, wanaume watatu tukishikana mabega, wakati mashine ya kufulia iliyokuwa imetolewa na muumini mmoja ilikwisha kupelekwa kwingine. Kuhusu mashine sikukubaliana nao na bado sikubaliani. Sabuni ikibaki kwenye blanketi humwasha mgonjwa, na miguu yetu haikuwa hodari wa kuisuuza.

Wepesi huu wa mizigo unaeleza pia jinsi wanavyoondoka. Barua ya uhamisho ikifika, sista huondoka baada ya muda mfupi sana, na mali yake yote huingia kwenye boksi moja linalofungwa kwa kamba. Nilimsaidia mmoja kufunga lake. Lilikuwa na vitabu vya sala, sari, sweta na sahani. Historia ya shirika nayo imejaa kufunga maboksi. Walikwenda Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1971, wakati wa machafuko, na mwaka 1973 walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwezi Julai 2022 serikali ya Nicaragua iliwaondoa nchini, masista 18 wakavuka mpaka kuingia Costa Rica, na hakuna aliyebaki nyuma kulilia majengo. Kinyume chake pia ni kweli, kwamba wameweza kuingia mahali ambapo mashirika mazito hayakupata nafasi: Cuba mwaka 1986, Moscow mwaka 1988, Albania mwaka 1991 baada ya miongo ya kupigwa marufuku kwa dini.

Wapo ambao hawakuondoka. Tarehe 4 Machi 2016 watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya wazee ya masista mjini Aden, Yemen, wakaua watu 16, wakiwamo masista wanne: mmoja wa India, wawili wa Rwanda na mmoja wa Kenya. Walikuwa wamebaki wakati wa vita kwa sababu wazee wao hawakuwa na pa kwenda. Habari hiyo ilipofika kwetu hapakuwa na tamko wala mkutano. Tulisali rozari, kisha kazi ikaendelea. Nililoelewa siku ile, na ambalo takwimu za nchi 123 hazisemi, ni kwamba shirika lililozaliwa Kolkata lilikuwa limekuwa letu kiasi cha kwamba mabinti wa Afrika Mashariki walikuwa wakifa kwa jina lake katika nchi nyingine.

Ingekuwa uongo kuandika haya yote bila kutaja lawama. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la tiba la Lancet, aliandika baada ya kuitembelea nyumba ya Kalighat kwamba uchunguzi wa magonjwa ulikuwa hafifu na wagonjwa wenye maumivu makali hawakupewa dawa za nguvu za kutosha. Naona alikuwa na hoja, na nimewasikia wapenzi wa Mama Teresa wakiipinga kwa hasira badala ya kuijibu. Ratiba inayoweza kubebwa kwenda popote ina udhaifu wake: hubeba pia kile kilichokosekana mwanzoni, na sista aliyejifunza kumuuguza mtu kwa mapenzi makubwa bila daktari anaweza kuizoea hali hiyo. Katika nyumba niliyoifahamu, wenye saratani walipelekwa hospitali kufuata dawa ya maumivu, na muuguzi mstaafu wa parokia alikuja kuwafundisha masista vijana kuangalia dozi. Lakini lilikuwa jambo la watu waliokuwapo pale, wala halikuwa utaratibu ulioandikwa, na mimi ningependa liandikwe.

Matawi mengine nitayataja tu: mabruda walianza mwaka 1963, masista wa sala mwaka 1976, mapadre mwaka 1984. Kwa mtu wa fani yangu, linalovutia zaidi ni kile ambacho Mama Teresa alikifunga. Walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, waliolisaidia shirika walikuwa na chama chao kilichoenea duniani, na katika muongo wa 1990 Mama Teresa aliuvunja muundo wake, akiwa na wasiwasi kuhusu fedha na muda vinavyoishia kwenye uendeshaji. Waliotaka kusaidia wakaambiwa waende kwenye nyumba iliyo jirani nao.

Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo tumejaribu kuchukua mambo mawili. Wagonjwa hutembelewa na watu wawili, kamwe si mmoja, na kile kinachochangwa kwa ajili ya chakula cha wahitaji hutoka chote kabla mwezi haujaisha. La kwanza halikumsumbua mtu. La pili limetugawa. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, hueleza kwa utulivu kwamba masista wanaweza kukaa bila akiba kwa sababu nyuma yao kuna nyumba nyingine mamia, ilhali nyuma ya jumuiya yetu hakuna kitu, na msiba haupigi hodi. Tulimsikiliza, tukautenga mfuko wa misiba ukawa na sheria zake, na mfuko wa chakula ukaendelea kumalizika kila mwezi. Tangu hapo michango ya chakula imeongezeka, jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye anayelisoma kwenye taarifa yake, bila furaha nyingi. Msimu wa masika uliopita upepo ulipoezua nyumba ya mjane mmoja, tulihangaika siku nyingi kupata mabati, na mwalimu hakusema neno. Sasa ameomba suala la akiba ya dharura ya makazi lirudishwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na safari hii nitamuunga mkono.